Jina la Sita

Kazi yangu ni kuchonga mawe ya makaburi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani mimi ni msanii. Kibanda changu kiko Nkuhungu, hapa Dodoma, pembeni mwa barabara, misalaba ya terazo imeegemezwa ukutani na mabamba ya marumaru yamesimama nyuma yake. Watoto wa shule wakifika hapo hukimbia. Wakubwa hawakimbii, ila huvuka upande wa pili, na nimewaona watu wazima na heshima zao wakijifanya wanasoma simu mpaka wamalize kunipita. Sijawahi kuwalaumu. Mimi mwenyewe naogopa.

Naogopa kwa sababu moja. Zamani kidogo, kabla sijajiwekea masharti, alinijia bwana mmoja aliyevaa vizuri. Mama yake alikuwa amelazwa, madaktari walikuwa wamekwisha kutikisa vichwa, na yeye hakutaka kuhangaika na mafundi siku ya msiba. Akaniomba nichonge jiwe kabisa, tarehe ya mwisho niiache wazi. Nikachonga. Nilimaliza Alhamisi mchana, nikapuliza vumbi, na kabla sijanawa mikono yule bwana alikuwa amesimama mlangoni. Hakusalimia. Alinitajia tarehe tu. Ilikuwa ya siku ile ile.

Najua mama yule alikuwa mgonjwa. Najua angekufa hata kama siku hiyo ningekuwa nauza nyanya sokoni. Lakini ukijua kitu kwa kichwa, mkono haulazimiki kukubali. Tangu hapo sikuchonga jina la mtu mpaka nimewaona ndugu zake wamekuja na macho mekundu. Anayekuja mapema namwambia mashine imeharibika. Wahenga walisema kinywa huumba, na kama kinywa huumba, patasi je?

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anapofuatwa na mwalimu mstaafu wa kijijini kwetu, kule ng'ambo ya Buigiri, akiwa na daftari kwapani na tabasamu la mtu aliyepata wazo. Mwalimu alikuwa mwenyekiti wa kamati. Walikuwa wamechanga saruji, mchanga na nguvu za watu, na sasa walitaka jiwe.

"Fundi, waliokufa vitani wana minara yao," aliniambia. "Kila mwaka wanawekewa mashada. Hawa wetu waliorudi na majeraha, nani anawakumbuka? Wanakaa majumbani kama vile hawakwenda popote. Tunataka mnara wao, na wausome wenyewe wakiwa na macho."

"Mmoja hana macho, mwalimu," nikamwambia, maana nilimjua yule mzee aliyepofuka katika vita vya Uganda.

"Huyo atapapasa. Ndiyo maana tunataka herufi za kuchonga, siyo za rangi."

Akanifungulia daftari. Majina yalikuwa sita, ya watu sita walio hai, kwa mwandiko wa ubaoni. Wanne walikuwa wazee wa vita vile vya Uganda. Wa tano alikatika mguu akilinda mpaka. Wa sita, chini kabisa kwa kuwa ndiye mdogo wao, alikuwa mdogo wangu wa kuzaliwa, tumbo moja, niliyelala naye ngozi moja utotoni.

Nilitaka kusema mashine imeharibika. Mwalimu alikuwa anaitazama, inazunguka.

Inabidi niwaeleze habari za mdogo wangu, vinginevyo hamtaelewa kilichotokea. Alikwenda kulinda amani nchi ya jirani, na kule kombora likapasuka karibu na kambi yao. Alirudi anatembea. Hana kovu la kuonyesha ila alama ndogo mgongoni, mtu anaweza kusema ni ya jipu. Lakini ndani, karibu kabisa na uti wa mgongo, kuna kipande cha chuma ukubwa wa punje ya mahindi. Madaktari walisema kukitoa ni hatari kuliko kukiacha. Siku kikisogea, walisema, na hapo wakanyamaza, na sisi hatukuuliza.

Kwa hiyo kuna siku anaamka mzima na kulima ekari nzima ya alizeti, na kuna siku mguu wa kushoto unakataa na inabidi ashikwe kwenda chooni. Kijiji kilimwona siku za alizeti. Maneno yakaanza kilabuni, yakafika kisimani: yule hakupigwa popote, yule alikimbia akatafuta cheti, mwili mzima ule anakula pensheni ya bure. Mwanzoni alikuwa anatembea na picha yake ya eksirei ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Mtu akimwangalia vibaya, anaitoa, anaiinua juani, anamwonyesha ile punje nyeupe. Nimemwona akifanya hivyo kwenye harusi. Baadaye aliacha, maana watu walianza kumcheka kwa bahasha yenyewe.

Wiki ile ile aliyokuja mwalimu, mdogo wangu alipita kibandani akitoka kliniki. Aliniamkia, nikaitika, akakaa juu ya mfuko wa saruji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku zote alikuwa anasimama nje.

"Nimesikia jiwe ni lako, kaka."

"Ni la kamati."

"Herufi zangu zisiwe ndogo," akasema, akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Unajua, sasa sitabishana na mtu tena. Anayetaka kujua akasome. Hata nikiwa sipo."

Yale maneno ya mwisho aliyasema kama mtu anayesema atakwenda dukani. Nilitazama mgongo wake alipokuwa anaondoka, nikawa najaribu kukisia punje iko wapi chini ya shati.

Jumapili nikaenda kijijini kumwona mama. Nilimkuta anapepeta uwele. Sikuwa nimemwambia kitu, lakini kijiji hakina siri, na mama yangu hana subira. Hakuniacha hata nimalize shikamoo.

"Mbukwa," akanisalimia kwa Kigogo chetu. "Ni kweli unamwandika mdogo wako kwenye jiwe?"

"Siyo kaburi, mama. Ni heshima."

"Mkono wako umeandika nani akabaki?" Aliweka ungo chini. "Nitajie mmoja. Mmoja tu uliyemwandika, yuko hai."

Nikainama kuokota punje za uwele zilizomwagika.

"Basi mwanangu usimwandike. Mwachieni fundi mwingine, au mwacheni. Mimi nilimlilia mara moja aliposafiri na mara ya pili alipoletwa. Machozi yangu yamekwisha, baba. Usinitafutie mengine."

Ningeweza kumwachia fundi mwingine. Wako watatu mjini ninaowajua. Ningeweza kumfuata mwalimu na kumwambia wazi, mwalimu ni mtu msikivu. Lakini fundi wa makaburi anayeogopa vifo ni kichekesho, na mimi napenda kuwacheka watu kuliko kuchekwa. Nikarudi mjini na kiburi changu.

Kazi ya jiwe huanza na penseli. Unapiga mistari, unapanga herufi, unasogea nyuma unatazama. Nilianza asubuhi, upepo wa Dodoma unasukuma vumbi mlangoni, nikafanya kama ninavyofanya siku zote, bila kufikiri. Nilipomaliza jina la tano nikarudi hatua tatu nyuma nitazame, ndipo nikaona. Chini ya kila jina nilikuwa nimechora mwaka wa kuzaliwa, niliojua au kukisia, kisha kistari, na mbele ya kistari nimeacha nafasi. Nafasi nzuri, ya kutosha, kama anavyoiacha fundi aliyezoea kazi yake.

Hakuna aliyeniomba miaka. Daftari la mwalimu lilikuwa na majina matupu. Mkono ulikuwa umewapangia wale wazee mahali pa kufia.

Nilichukua kitambaa nikakilowesha nikafuta, nikafuta tena mpaka jiwe likang'aa, na bado nilikuwa naona vile vistari. Nikakaa pale alipokaa mdogo wangu. Nilikuwa natetemeka, mchana kweupe, na jirani yangu anayeuza magodoro akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia ndiyo.

Alasiri nikapanga upya, majina sita bila miaka. Mwalimu akaja akatazama penseli, akahesabu kwa kidole, akasema barabara, fundi, barabara. Akaondoka. Kesho yake nikachonga jina la kwanza. La pili. Kila nikimaliza moja nilisubiri kidogo, nasikiliza, kana kwamba mtu ataingia na tarehe. Hakuja mtu. La tano nilichonga siku ya tatu. Halafu nikaweka patasi juu ya herufi ya kwanza ya jina la mdogo wangu, nikainua nyundo, na mkono ukabaki juu.

Nilijiambia nitamaliza kesho. Kesho nikajiambia nitalichonga baada ya sherehe, taratibu, bila haraka, watu wakishatawanyika. Kesho kutwa nikafuta penseli. Nikaisugua nafasi iliyobaki chini ya majina yale matano ili jiwe lisionekane lina pengo, nikalifunga kwa magunia, nikalipeleka kijijini kwa pikapu ya kukodi. Nililisimika mwenyewe kwenye kitako cha zege mbele ya ofisi ya kijiji, nikalifunika kwa kitambaa cheupe na kukaza kamba, na mtu aliponiomba achungulie nikamwambia ni mwiko. Uongo huo ulinitoka kirahisi mno.

Siku ya sherehe maturubai yalifungwa kwa mawe kwa sababu ya upepo. Kulikuwa na kwaya, kulikuwa na mgeni rasmi, na wanawake walikuwa na masufuria ya pilau tangu alfajiri. Wale sita walikaa mstari wa mbele. Mdogo wangu alivaa suti iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini, na siku hiyo mguu wa kushoto ulikuwa mbaya, nikaona anavyouburuta, nikaona na watu walivyotazamana. Mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Leo kakumbuka kuchechemea." Niligeuka nikamtazama, akatazama juu.

Mimi nilikuwa nimejipangia uongo wangu. Ningesema jiwe lilipungua. Ningesema kamati ilinipa muda mfupi. Kitambaa kitafunguliwa, watu watapiga makofi, hakuna anayesoma jiwe siku ya pilau. Hilo ndilo nililojiaminisha.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mwalimu, baada ya miaka thelathini na kitu ya kuita mahudhurio darasani, alikuwa amepanga kuita mahudhurio. Mgeni rasmi alipovuta kitambaa na makofi yakatulia, mwalimu alifungua daftari lake.

"Nitamwita kila mmoja," akasema. "Atakwenda, ataweka kidole kwenye jina lake, atasema 'Nipo.' Tusikie wote."

Nilitaka kusimama wakati ule ule, lakini mzee wa kwanza alikuwa ameshainuka.

Wa kwanza akaenda na fimbo yake, akaweka kidole, akasema nipo, watu wakashangilia. Wa pili ndiye yule asiyeona. Mjukuu wake alimfikisha, akapapasa herufi moja moja, midomo inacheza, mpaka akamaliza jina lote. Akasema nipo kwa sauti iliyofanya wanawake wafute macho. Wa tatu. Wa nne. Wa tano akaegemeza magongo yake kwenye jiwe. Mimi nilikuwa nahesabu kama mtu anayehesabu hatua za mwizi mlangoni kwake.

Mwalimu akasoma jina la sita. Mdogo wangu akainuka. Hakutaka kushikwa. Alifika kwenye jiwe, akaweka kidole juu kabisa, akashuka nacho taratibu, jina la kwanza, la pili, akitabasamu kidogo kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Kidole kikapita la tano kikateremka kwenye jiwe tupu. Kikasimama. Kikapanda tena juu, kikashuka tena. Safari hii hakutabasamu.

Upepo ulikuwa unapiga turubai. Nyuma yangu yule yule akasema, wala hakunong'ona tena, "Si tulisema?"

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Niliogopa nikimwandika nitamwua, na kwa kutomwandika nilikuwa nimewapa wale wote waliomcheka jiwe zima la ushahidi. Mdogo wangu alisimama pale na kidole chake, hakumtazama mwalimu, hakumtazama mgeni rasmi. Aligeuka akanitazama mimi. Alikuwa ameelewa. Na macho yale sitaki kuyaelezea.

Nikasimama. Sijui nilifikaje mbele. Nakumbuka nilisema: "Jina lake lipo kwenye daftari. Nimeliacha mimi. Kamati haina kosa. Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini, fundi?" mwalimu akauliza, na nadhani aliuliza kwa kweli.

"Naogopa atakufa."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mgeni rasmi akaangalia saa. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nilimtazama anisaidie, yeye aliyenikataza, lakini alikuwa amejifunika kanga kichwa kizima.

Mdogo wangu akanisogelea, anaburuta mguu. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru.

"Vifaa vyako viko wapi, kaka?"

"Kwenye pikapu."

"Kavilete."

"Nitakuja kesho, mdogo wangu, taratibu, mkono leo ha—"

"Sasa hivi. Hawa hawa waone."

Nikavileta. Watu walipewa pilau na hawakula, au walikula wamesimama, wamenizunguka nusu duara. Jina lake lina herufi nyingi. Nilipiga penseli mara mbili, ya kwanza ilipinda. Yeye aliketi kwenye kiti cha plastiki ubavuni mwa jiwe, karibu hivi kwamba vumbi lilikuwa linaangukia suti yake, na kila nilipopiga nyundo nilitazama kifua chake kama kinapanda. Herufi ya tatu niliiharibu. Imeegemea kushoto mpaka leo, na hakuna msasa utakaoinyoosha.

Katikati ya jina la baba yetu nikasimama. Jasho lilikuwa linaingia machoni, au ndilo nililowaambia watu.

"Siwezi," nikamwambia kwa chini.

"Mimi nalala nacho kile chuma kila siku," akasema, naye kwa chini, kwa sauti ya tulipokuwa wadogo tukiogopa fisi nje ya zizi. "Nikigeuka kitandani nakisikiliza. Unadhani mimi siogopi? Naogopa kuliko wewe. Piga nyundo."

Nikapiga. Jua lilikuwa limeshasogea upande wa mashambani nilipopuliza vumbi la herufi ya mwisho. Mwalimu alifungua daftari akasoma lile jina upya. Mdogo wangu akainuka, akaweka kidole, akakipitisha jina zima, na ile herufi iliyopinda akaipitia mara mbili. Akasema nipo. Hakupaza sauti, lakini hata yule wa nyuma alisikia. Kisha mama akajifunua kanga, akatembea mpaka kwenye jiwe, akaliangalia, na yeye hajui kusoma. Akanishika kifundo cha mkono, mkono wa patasi, akaubana kwa nguvu mpaka ukauma, akarudi kwenye mkeka.

Alizeti za mwaka ule zilivunwa, na za mwaka huu ziko shambani zimegeuza vichwa. Kila asubuhi, kabla sijagusa kazi, nampigia mdogo wangu simu. Sina la kumwambia. Namuuliza kama mvua imenyesha huko, wakati mawingu nayaona mwenyewe kutoka kibandani. Namuuliza bei ya mbuzi. Juzi simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Nikaketi chini sakafuni, kati ya misalaba, nimeshika simu kwa mikono miwili, na mteja aliyekuja kuulizia bei nikamwambia mashine imeharibika. Akilini nilikuwa nimekwisha kumwona mtu amesimama mlangoni na tarehe.

Saa tano ikaita. Alikuwa kisimani na mbuzi, simu aliiacha nyumbani.

"Bado sijafa, kaka," akasema, hata kabla sijamuuliza mvua. "Kachonge majina ya wengine."